"Kuteleza Si Kuanguka": Niliyoyajua Jikoni Baada ya Kuvunjika Mkono

Jikoni kwetu mtu akiteleza tulikuwa tunacheka. Hatukucheka kwa ubaya. Mguu unakimbia, mikono inapepea kama mbawa za kuku aliyeshikwa, mtu anadaka ukingo wa meza, anasimama. Watu wanacheka, mmoja anasema, "Kuteleza si kuanguka," oda zinaendelea. Methali hiyo nimeisema mwenyewe mara nyingi sana. Sasa naandika kwa mkono ambao hadi leo haukunji vizuri. Nikisonga ugali wa watu wengi lazima nibadilishe mkono katikati.

Nilikuwa mpishi msaidizi kwenye mgahawa mmoja kando ya ziwa hapa Mwanza, upande wa Ilemela. Jina silitaji, na siku hizi una mwenye mwingine na rangi nyingine. Tulipika vile vitu watu wanavyovifuata ziwani: sato mzima wa kukaanga, vipande vya sangara, ugali, ndizi, kachumbari. Mshahara wangu ulikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi na chakula cha mchana. Mkataba ulikuwa wa mdomo. Nilikaa pale mwaka mmoja na nusu, na kwa muda wote huo sikuwahi kuiangalia sakafu.

Nikueleze jikoni lenyewe lilivyokaa, maana ajali yangu ilikuwa imekwisha kuchorwa mle ndani. Samaki walitoka Mwaloni, Kirumba, asubuhi. Tuliwapaa nyuma ya jengo kwenye zege, tukawaosha, tukawaweka kwenye beseni na kuwabeba ndani. Kutoka bombani hadi kwenye jiko ni hatua kumi na mbili hivi. Unapanda kidaraja kimoja, unapita mlango wa stoo, unapita friza ambalo lilikuwa linavuja tangu sijaajiriwa, halafu unaingia kwenye marumaru nyeupe zinazong'aa. Bosi aliziweka kwa sababu jikoni jeupe linaonekana safi. Ni marumaru za sebuleni. Karai la kukaangia lilikuwa kushoto, na kila sato aliyeingizwa mafuta yakiwa ya moto alirusha matone hadi kwenye njia yetu. Kwa hiyo hatua kumi na mbili zile zilikuwa na maji, ute wa samaki, magamba, maji ya friza, tena na mafuta. Juu ya vyote hivyo tulipiga deki.

Hiyo deki ndiyo nataka niizungumzie hasa, maana wengi wanadhani sakafu inateleza kwa kutopigwa deki. Sisi tulipiga mara tatu kwa siku. Ndoo moja, tambara moja, sabuni ya unga kiganja kizima. Ukianza kwenye jiko, tambara linachukua mafuta. Ukilichovya kwenye ndoo, ndoo nayo inakuwa na mafuta. Ukifika mlangoni unapaka mafuta mahali ambapo hayakuwepo. Sabuni hairudi kusuuzwa, inakauka, na mtu akija na miguu yenye maji inaamka upya. Asubuhi sakafu ilikuwa inang'aa na tukisifiwa. Ukiipitisha kidole kilikuwa kinanata kidogo kisha kinateleza. Ule mng'ao ulikuwa ni mafuta yaliyotandazwa sawasawa.

Mafuta yakimwagika mengi tulinyunyiza majivu ya mkaa. Hiyo tulifundishwa na waliotutangulia. Majivu yananyonya kweli, ila ni lazima uyazoe yote yangali makavu. Yakiguswa na maji, ujue bibi zetu walitengenezaje sabuni: majivu na mafuta. Siku nyingine tulitandika maboksi. Boksi kavu linasaidia kwa nusu saa, likishalowa linakuwa sleji la watoto wanaoteleza kwenye miamba ya Igogo.

Na viatu. Mimi nilivaa yeboyebo. Ni nyepesi, zinaosheka, hazizidi shilingi elfu tano. Zangu zilikuwa zimeisha soli kabisa, kipara kama tairi la daladala linalosubiri kukamatwa na trafiki. Dereva yeyote atakwambia kwa nini tairi lina mistari: maji yapate pa kutokea, mpira uguse barabara. Kiatu ni hivyo hivyo. Kikiwa kipara, maji yanabaki katikati, unatembea juu ya maji, hujakanyaga chini. Mafuta ni mazito zaidi, yanagoma kukamuliwa hata na soli nzuri. Hayo yote sikuyajua. Nilijua tu kwamba yeboyebo zinakauka haraka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mvua ilinyesha mchana, wateja wakaja kwa pamoja jioni, na kwenye saa 2 usiku umeme ukakatika. Jenereta liliwaka baada ya muda, lakini lilikuwa linabeba taa za wateja na friza. Taa ya mlango wa nyuma haikuwa imeunganishwa. Mhudumu akaingia anapiga kelele kwamba meza ya watu wanane inataka kuondoka, sato wao hawajawekwa hata kwenye mafuta. Nikajaza beseni. Badala ya kwenda mara mbili nikaenda mara moja, beseni limejaa hadi ukingo, nimelikumbatia kifuani, miguu yangu siioni. Nilipanda kidaraja salama. Mbele ya friza mguu wa kulia ukaondoka peke yake.

Sikuwahi kufikiria mtu anaanguka haraka namna ile. Na mkono unatangulia wenyewe, huuamrishi. Nililiachia beseni nimeshachelewa, nikatua kwa kiganja cha kushoto, nikasikia kitu kama kijiti kikavu. Samaki walitawanyika mpaka chini ya meza. Kijana wa mkaa akaanza, "Kuteleza si..." halafu akaangalia mkono wangu akanyamaza.

Nashukuru nilikuwa nimebeba samaki wabichi. Dakika kumi kabla yake nilikuwa nimeinua karai la mafuta.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kukosea kwa hiari yangu. Nilinyanyuka. Nilikuwa naona aibu kuliko maumivu, nataka watu waache kuniangalia. Nikafungwa kitambaa, nikasema ni mshtuko tu, nikaendelea kugeuza samaki kwa mkono wa kulia hadi saa 5. Pete ya ndoa sikuivua. Usiku vidole vilivimba, na siku ya pili fundi sonara aliikata kwa msumeno mdogo huku nalia. Ukianguka na kiganja au kifundo kikauma, vua pete na bangili dakika ile ile, kabla hujajua kama umevunjika. Mkono uukalishe kwenye khanga iliyofungwa shingoni, na usikubali mtu yeyote akuvute wala akuchue.

Mimi nilikubali. Jirani alinipeleka kwa mzee anayesifika kwa kuunga mifupa. Alinichua kwa mafuta, akanivuta, akanifunga vijiti, akachukua 15,000. Nilirudi mara tatu. Siwatukani wazee hawa, wapo watu wanaowashukuru. Lakini hakuna aliyeuona mfupa wangu ulivyo ndani, yeye wala mimi. Siku ya tisa vidole vikaanza kufa ganzi na mdogo wangu akanipeleka hospitali kwa nguvu. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa umevunjika karibu na kifundo na umeanza kushika ukiwa umepinda. Daktari hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mama, siku tisa ulikuwa wapi?" Walinipiga ganzi, wakaunyoosha upya, wakanifunga hogo, ile plasta ngumu. Wiki sita. Kwa picha mbili, dawa, hogo, na bodaboda za kwenda na kurudi, nilitoa kama 180,000. Ni zaidi ya mshahara wa mwezi, na mshahara wenyewe ulikuwa umesimama.

Wiki sita za hogo zina mambo ambayo hakuna anayekuambia. Huwezi kujifunga khanga. Huwezi kufungua dumu la maji. Mwanangu wa miaka tisa alikuwa ananisuka nywele na kunioshea sahani, akijifanya anapenda. Usiku hogo linawasha ndani na unatamani kuingiza kijiti; usiingize, ngozi ikichubuka humo hakuna wa kuiona. Vidole vichezeshe kila saa hata kama vinauma. Mimi nilivilinda kama mayai, hogo lilipotoka vilikuwa vimekakamaa, na mazoezi yakachukua miezi mingine mitatu.

Bosi alikuja nyumbani mara moja, na soda na mkate. Alinipa 50,000, akasema, "Pole sana mama, ajali haina kinga." Nilimshukuru kwa dhati. Alisema nikipona nirudi. Niliporudi nilimkuta binti mwingine kwenye nafasi yangu, amevaa yeboyebo, anapita mbele ya friza.

Sikugomba. Nilidhani kwa kuwa sijasaini popote sina haki yoyote, na kwamba kosa ni langu, nimejaza beseni. Hapa ndipo naomba anayefanya kazi jikoni, iwe mgahawani au kwa mama lishe aliyeajiri, asome pole pole. Tanzania tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Anayechangia ni mwajiri peke yake, mshahara wako haukatwi hata senti. Ukiumia kazini, mfuko unagharamia matibabu, na kama huwezi kufanya kazi kwa muda, unalipwa asilimia 70 ya kipato chako. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku 7, na dai lenyewe lipelekwe ndani ya miezi 12 tangu ajali itokee. Pia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyezidisha miezi sita kazini likizo ya ugonjwa ya siku 126 ndani ya miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu, ukiwa na cheti cha daktari. Kukosa mkataba wa maandishi hakukuondolei uajiriwa. Kukupa maandishi ni kazi ya mwajiri.

Nilivijua hivi kutoka kwa afisa aliyekuja kukagua mahali pangu pa pili pa kazi. Nikapiga hesabu ya vidole palepale. Ajali yangu ilikuwa na miezi kumi na tano.

Nilikaa na hasira siku nyingi, nusu kwa bosi, nusu kwangu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba nilianguka kazini. Siku hiyo hiyo ningemwomba mtu apige picha ya sakafu kwa simu. Ningemtumia bosi ujumbe wa maandishi: nimeanguka saa fulani, mbele ya friza, mashahidi fulani na fulani. Na hospitali ningeanza kwa kusema, "Nimeumia kazini," waandike hivyo kwenye kadi. Mimi niliulizwa nimeumiaje nikajibu, "Nimeteleza tu." Wakaandika nilichosema.

Mahali pangu pa pili ni mgahawa mdogo zaidi, nao uko karibu na maji. Mwenyewe ni mama mtu mzima, tunamwita Mama Mkubwa. Baada ya mwaka akanipa usimamizi wa jikoni. Nikamwomba vitu viwili: daftari na ruhusa ya kubadilisha deki.

Daftari nililitundika kwenye msumari, kalamu imefungwa kwa uzi. Sheria moja tu: ukiteleza, hata kama hujaanguka, andika wapi, saa ngapi, ulikanyaga nini. Vijana walicheka wiki ya kwanza, wakaliita daftari la mahudhurio ya matope. Mwezi ulipoisha kulikuwa na mistari 11, na saba kati yake ilikuwa sehemu moja, mlangoni mwa stoo, karibu yote jioni. Hakuna aliyekuwa anajua, maana kila mtu aliteleza kwa zamu yake akadhani ni yeye peke yake. Tukasimama pale na tochi. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye kreti za soda zilizotolewa kwenye barafu. Kreti zikahamishwa. Kidaraja cha pale kilikuwa na marumaru. Fundi akazibomoa, akamimina simenti iliyochanganywa na mchanga wa chenga, akaiacha na mikwaruzo. Ilitugharimu 40,000 pamoja na chakula cha fundi. Mama Mkubwa alisema inaharibu sura. Nikamwonyesha mkono wangu.

Deki tuliibadilisha hivi. Kwanza unakwangua na kufagia vipande na magamba, sakafu ikiwa bado haijaguswa na maji. Halafu maji ya moto yenye sabuni ya kukata mafuta, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo, maana sabuni nyingi nayo ni utelezi. Unamwaga, unaondoka. Hapa ndipo wengi hawana subira: sabuni inahitaji dakika kadhaa kuyabandua mafuta, na ukisugua papo hapo unayahamisha tu. Kisha brashi ya nyuzi ngumu, maji safi ya kusuuza, na skwiza kusukuma vyote kwenye mtaro. Ndoo ya kusuuza si ndoo ya sabuni, na tambara la jikoni haliendi mezani kwa wateja. Kazi hii inafanyika usiku baada ya kufunga na alasiri wateja wakipungua. Katikati ya oda hatumwagi maji kabisa. Kilichomwagika kinafutwa kwa kitambaa kikavu, na aliyekiona wa kwanza anasimama hapo mpaka kifutwe. Haijalishi nani kamwaga.

Kuhusu samaki, tuliacha beseni. Wanakaa kwenye tenga la plastiki hadi waishe kuchuruzika hapo nje, ndipo wanaingia, na tenga linabebwa likiwa nusu, ubavuni, ili uione miguu yako. Ukipita nyuma ya mtu unasema, "Nyuma yako!" Ukiwa na cha moto unasema, "Moto nyuma!" Wageni wanaona kama tunagombana.

Viatu vilikuwa vita. Vifaa vya kujikinga ni jukumu la mwajiri, lakini Mama Mkubwa hakuwa na hela ya kuwanunulia wote sita kwa mkupuo. Tukaenda naye Mlango Mmoja, kwenye mitumba, tukachagua jozi moja moja kila mwisho wa wiki. Nilitafuta kiatu kilichofunika vidole na kisigino, soli ya mpira laini unaoingia ukiuminya kwa ukucha, yenye mistari mingi iliyo wazi hadi pembeni. Ile soli ngumu ya plastiki, hata ikiwa na mistari mirefu, inateleza kwenye marumaru yenye maji. Wauzaji walinishangaa nikimwaga maji ya kunywa sakafuni na kukanyaga huku nimeshika nguzo. Jozi zilikuwa kati ya 12,000 na 20,000. Usiku soli zinasuguliwa kwa mswaki wa zamani, maana mistari ikijaa unga na mafuta umerudi kwenye kipara.

Kitu kimoja ambacho sikukitegemea kililetwa na daftari, na wenzetu wa pwani hawawezi kukijua. Siku za mwezi mchanga wale wadudu wadogo hutoka ziwani kama moshi, wakafuata taa za barazani, wakafa chini kwa maelfu. Wahudumu wetu wawili waliteleza hapo na sinia mkononi. Wadudu wale ukiwafagia wakiwa wakavu ni vumbi. Ukimwaga maji ni uji. Taa tuliisogeza mbali na njia ya wahudumu, na ufagio unakaa karibu.

Sijasema watu hawaanguki tena. Mwaka jana mhudumu mmoja alianguka kwenye ngazi za mawe akikimbilia bili, akaumia goti. Mama Mkubwa alitoa taarifa siku ya pili, nilimsimamia nikimsomea herufi. Binti alilipwa, ilichukua muda na safari kadhaa za karatasi, lakini alilipwa, na nafasi yake aliikuta.

Wiki iliyopita kijana wetu mpya aliteleza mbele ya stoo. Alidaka mlango, hakuanguka. Wenzake wakaanza kucheka, na mmoja ambaye hata hajui historia yangu akasema ile methali. Kijana mwenyewe hakujibu. Alikwenda kwenye msumari, akashika kalamu, akaandika: saa 1 na nusu, mlango wa stoo, maji, yanatoka chini ya friza. Nikainama na tochi. Mpira wa mlango wa friza ulikuwa umeachia upande mmoja. Fundi anakuja kesho saa 4.